Kichwa juu, miguu chini: kuielewa Thailand kabla hujavua viatu

Ukisema unakwenda Thailand kwa mara ya kwanza, kila aliyewahi kufika atakupa orodha. Usimpapase mtoto kichwani. Usinyooshe miguu hekaluni. Usimguse mtawa. Usikanyage noti. Orodha hizo ni za kweli, ila hazisemi sababu, na asiyejua sababu akifika sharti la saba huwa ameshasahau la pili. Ndiyo maana wageni wengine huzunguka Bangkok kwa woga wiki nzima, na wengine huamua kwamba yote hayo ni maonyesho ya kitalii, wakajifanyia watakavyo.

Masharti karibu yote yanatoka katika mashina matatu: mpangilio wa juu na chini wa mwili, hadhi ya mtawa, na ufalme. Mashina hayo hayana uzito mmoja. Ukijua sharti limetoka wapi, utajua kama kosa lake litachekewa, litamuudhi mtu, au litakufikisha mahakamani.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. Thailand ina watu wapatao milioni 70, na zaidi ya asilimia 90 ni Wabudha wa madhehebu ya Theravada, sawa na majirani zao wa Laos, Kambodia na Myanmar, na ndugu zao wa mbali wa Sri Lanka. Ubudha wa China, Japani na Vietnam ni Mahayana, wenye taratibu zake, na ule wa Tibet na Bhutan una sura nyingine tena. Kwa hiyo uliyoyaona kwenye filamu za kareti usiyabebe kwenda nayo Bangkok. Hata yule bwana mnene mwenye kitambi wazi anayecheka kwenye kaunta za mikahawa ya Kichina si Budha. Huyo ni Budai, mtawa wa masimulizi ya Kichina. Budha mwenyewe, Siddhartha Gautama, alizaliwa Lumbini, katika nchi inayoitwa leo Nepal, na sanamu zake za Kithai huwa nyembamba, zenye mabega mapana na macho yaliyoinama.

Juu na chini

Kwa Wathai mwili una ngazi. Kichwa ndicho kitukufu kuliko vyote, na nyayo ndizo za chini kabisa, kwa maana zote mbili za neno hilo. Ukilishika hilo moja, nusu ya ile orodha unaweza kuitunga mwenyewe. Kumshika mtu mzima kichwani ni kumdhalilisha. Kumwelekezea mtu unyayo ni tusi hata kama umechoka tu, na kuuelekeza kwenye sanamu ya Budha ni kufuru. Kitabu cha dini hakiwekwi sakafuni. Hirizi yenye sura ya Budha huvaliwa shingoni, haitiwi mfuko wa suruali. Noti iliyoanguka na kuanza kupeperushwa na upepo usiizuie kwa mguu kama tunavyofanya sokoni, kwa sababu ina picha ya mfalme. Kizingiti cha hekalu kinarukwa, hakikanyagwi.

Msomaji wa Kiswahili ana nafuu hapa, na sioni kwa nini tusijisifu kidogo. Kuvua viatu mlangoni tumelelewa nako. Kupokea na kutoa kwa mkono wa kulia, tena kwa mikono miwili ikiwa ni mkubwa wako, si jambo la kufundishwa mtu wa Tanga au Lamu. Na kama umewahi kukaa tahiyatu ya mwisho, miguu imekunjwa ubavuni na nyayo zinatazama nyuma, basi unajua tayari namna ya kukaa mbele ya Budha. Mzungu huhangaika nusu saa kuutafuta mkao huo.

Mtego wetu uko kwingine. Babu wa Kiswahili akimpangusa mtoto kichwani anambariki. Ule mkono unaotangulia wenyewe kwenda utosini kwa mtoto wa jirani, Thailand urudishe. Hakuna atakayekupigia kelele, maana Mthai hutabasamu hata akiudhika, ila mama mtu atakuwa amekuona.

Salamu yao, wai, hufanywa kwa kuunganisha viganja mbele ya kifua au uso na kuinamisha kichwa kidogo. Vitabu vya watalii hutumia kurasa nzima kuieleza. Kwa Mswahili inatosha kusema kwamba ni shikamoo ya mikono. Mdogo ndiye anayeanza na mkubwa huitikia. Kadiri unayemsalimu anavyokuzidi, ndivyo viganja vinavyopanda: kifuani, kidevuni, puani, na kwa mtawa au Budha vidole gumba hufika kati ya nyusi. Kama usivyompa shikamoo mtoto wa shule, usimpe wai mtoto wala mhudumu anayekuletea chai, atatahayari. Kwake tabasamu na kuinamisha kichwa kidogo vinatosha. Maneno ya salamu hiyo ni sawatdi, na mwanamume humalizia kwa khrap, mwanamke kwa kha.

Mavazi hekaluni ni suala hilohilo la heshima ya mwili: mabega yafunikwe, magoti yafunikwe. Wanawake watiao kanga mkobani wameshamaliza kazi katika mahekalu mengi. Tahadhari moja tu: kwenye Jumba la Kifalme la Bangkok walinzi ni wakali, na kitambaa cha kujitupia begani juu ya blauzi isiyo na mikono hukataliwa. Vaa nguo yenye mikono yake, na suruali au sketi inayopita magoti. Kiingilio kwa mgeni ni baht 500, na ndani ya uwanja huo ndipo lilipo hekalu la Wat Phra Kaew lenye sanamu inayoheshimiwa kuliko zote nchini. Wanaiita Budha wa Zumaridi, ingawa imechongwa kwa jiwe la jade na kimo chake ni kama sentimita 66 tu. Wengi huingia wakitazamia jitu, wakaliangalia pembeni kulitafuta. Majitu yako Wat Pho, mwendo wa miguu kutoka hapo: Budha aliyelala, urefu wa mita 46.

Picha zinaruhusiwa mahali pengi, isipokuwa ndani ya jengo la huyo Budha wa Zumaridi. Kinachochukiza ni mikao. Kupanda sanamu, kuikumbatia, kuiga mkao wake kwa mzaha, au kuipa mgongo kwa karibu ili ujipige picha ya simu. Novemba 2017 Wamarekani wawili walipiga picha wakiwa wameshusha suruali mbele ya hekalu la Wat Arun, wakaiweka mtandaoni. Walikamatwa uwanja wa ndege kabla hawajaondoka. Sri Lanka nao hawacheki na jambo hili: mwaka 2014 walimkamata na kumrudisha kwao mtalii wa Kiingereza kwa kuwa na mchoro wa Budha uliochorwa kwenye ngozi ya mkono wake. Baadaye Mahakama ya Juu ya huko iliamua alidhulumiwa na alipwe fidia, lakini hayo yalikuja miaka mitatu baada ya kulala mahabusu. Mwenye mchoro kama huo avae shati la mikono mirefu.

Mtawa

Watawa utawaona kila mahali, kichwa kimenyolewa, vazi la rangi ya zafarani au kahawia. Usifikiri wote wamejitoa duniani kwa maisha yao yote. Wanaume wengi wa Kithai huingia utawani kwa muda, wiki kadhaa au miezi mitatu ya msimu wa mvua, kisha wakarudi kazini. Dereva wako wa teksi huenda aliwahi kuwa mtawa. Hufanya hivyo ili wazazi wapate bun, neno ambalo sisi tunalo moja kwa moja: thawabu.

Bila neno hilo huelewi kinachotokea barabarani alfajiri. Kuanzia kama saa kumi na mbili watawa hupita pekupeku na bakuli, watu wakatia wali na mchuzi uliofungwa kwenye mifuko. Mgeni huona maskini wakiombaomba, na kumbe ni kinyume. Mtawa haombi, husimama tu. Anayetoa ndiye anayepewa, kwa sababu amepata nafasi ya kuchuma thawabu, ndiyo maana mtoaji huvua viatu na kupiga magoti, na mtawa hasemi ahsante. Ukitaka kushiriki, nunua chakula, tia bakulini bila kuligusa, piga magoti upokee dua. Watawa hula kabla ya adhuhuri tu, kwa hiyo mtu mwenye vazi la kitawa anayekufuata saa tisa alasiri kwenye mtaa wa watalii akidai fedha, mpishe.

Mwanamke hamgusi mtawa, na mtawa hagusi mwanamke, hata mama yake mzazi. Mwanamke akitaka kumpa kitu mkononi, mtawa hutandika kitambaa, kitu kikawekwa juu yake. Hili halina tafsiri ya unajisi kama wengine wanavyodhani. Mzigo wa sharti uko kwa mtawa, ndiye aliyeapa, na ukimgusa ni yeye anayelazimika kutubu. Kwa hiyo dada ukipanda basi lililojaa, mpishe nafasi. Mabasi, treni, viwanja vya ndege na boti za mto Chao Phraya zina sehemu zilizoandikwa kuwa ni za watawa. Mimi nilikalia sehemu hiyo kwenye boti, nikiwa nimefurahia upepo, nikishangaa kwa nini wenzangu wamebanana na huku kweupe. Mtawa mzee alipopanda, kondakta hakusema neno. Alinitazama, akatazama kibao, akanitazama tena.

Taji

Hapa ndipo uzito unapobadilika. Bendera ya Thailand ya tangu 1917 ina rangi tatu: nyekundu ni taifa, nyeupe ni dini, bluu ni mfalme. Katiba inataka mfalme awe Mbudha na awe mlinzi wa dini zote. Mambo haya matatu yameshonwa pamoja, na kuyagusa ni suala la sheria.

Kifungu cha 112 cha sheria ya makosa ya jinai kinaadhibu kumtukana mfalme, malkia au mrithi kwa kifungo cha miaka 3 hadi 15, tena kwa kila kosa. Chapisho moja ni kosa moja. Januari 2024 mahakama ya rufaa ilifikisha kifungo cha mtu mmoja miaka 50 kwa machapisho ya Facebook. Mgeni hasamehewi kwa ugeni wake. Ushauri wangu ni mfupi: habari za ufalme usizianzishe, usizijibu, usizichekee, na hasa usiziandike kwenye simu ukiwa huko. Kutukana dini nako kuna kifungu chake, na adhabu inaweza kufika miaka saba.

Wimbo wa taifa hupigwa saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni kwenye stesheni, bustani na maeneo ya umma. Watu wakisimama, simama.

Kwa kulinganisha, kusahau kuvua viatu kwenye duka dogo hakukupi chochote zaidi ya kicheko.

Mizimu, hirizi na vibanda vyenye soda

Mgeni aliyesoma kwamba Ubudha hauna Mungu muumba hushangaa kukuta mbele ya kila benki kibanda kidogo kama nyumba ya njiwa juu ya nguzo, chenye maua, ubani na chupa ya soda nyekundu iliyotiwa mrija. Hicho ni makazi ya mzimu wa ardhi ile. Ulikuwepo kabla ya jengo, kwa hiyo umejengewa chake ili usisumbue. Na madhabahu mashuhuri ya Erawan katikati ya Bangkok, iliyojengwa 1956, si ya Budha hata kidogo. Ni ya Brahma, mungu wa Kihindu.

Wathai hawaoni mgongano. Atakwenda hekaluni asubuhi, apite Erawan kuomba mtihani, na shingoni ana hirizi iliyosomewa na mtawa mashuhuri, ambayo pengine ameinunua kwa bei ya pikipiki. Aliyekulia pwani, alikoona mtu akitoka msikitini akapitia kwa mganga, hana haja ya kufafanuliwa sana. Ila usidhani kwamba kwa kuwa si Budha basi ni mahali pa mzaha. Mwaka 2006 mtu aliyeivunja sanamu ya Erawan kwa nyundo aliuawa papo hapo kwa kipigo.

Jambo moja ninalolikataa: ndege kwenye vizimba vinavyouzwa nje ya mahekalu ili uvifungue upate thawabu. Ndege hao wametegwa ili wakauzwe waachiwe, na wengi hutegwa tena. Pita.

Tarehe, saa na pombe

Usishtuke ukiona maziwa yameandikwa yataharibika mwaka 2570. Thailand huhesabu miaka tangu kufa kwa Budha, na tofauti ni 543, kwa hiyo 2026 yetu ni 2569 kwao. Tatizo huja tarehe ikifupishwa kwa tarakimu mbili, hasa kwenye dawa: 69 maana yake ni 2569.

Saa ni habari ya kufurahisha. Katika mazungumzo Mthai huita saa moja usiku nueng thum, yaani moja. Saa mbili ni song thum, mbili, na hivyo hivyo hadi saa tano usiku, ha thum, tano. Tunakwenda nao sambamba kabisa, na sijui taifa jingine lililonipa raha hiyo. Tiketi, hata hivyo, huandikwa kwa saa 24.

Sikukuu kubwa za Kibudha hufuata mwezi mpevu, lakini kwa kuwa huongezwa mwezi mzima mara kwa mara, hazizunguki mwaka kama Idi. Visakha Bucha, kumbukumbu ya kuzaliwa, kuangaziwa na kufa kwa Budha, huangukia Mei au mwanzoni mwa Juni. Siku hizo uuzaji wa pombe hubanwa. Mwaka 2025 masharti yalilegezwa kwa hoteli na viwanja vya ndege, lakini duka la mtaani usilitegemee. Sri Lanka ni kali zaidi: kila mwezi mpevu, mara kumi na mbili au kumi na tatu kwa mwaka, ni mapumziko na pombe haiuzwi.

Songkran, mwaka mpya wa Kithai, ni 13 hadi 15 Aprili. Asili yake ni kumwagia maji sanamu za Budha na mikono ya wazee kwa adabu. Barabarani imekuwa vita vya ndoo na bastola za maji. Funga simu kwenye mfuko wa plastiki, usimwagie mtawa wala mtoto mchanga, na usikodi pikipiki siku hizo, maana ajali na ulevi huongezeka mno.

Chakula

Wengi hudhani Wabudha hawali nyama. Wathai wanakula, na nguruwe yuko karibu kila sufuria. Hata mtawa hula nyama akipewa, mradi mnyama hakuchinjwa kwa ajili yake. Neno la kulikumbuka kwa Mwislamu ni mu, nguruwe, na mai ao mu, sitaki nguruwe. Ila kuondoa nyama hakuondoi mafuta yake wala supu ya mifupa, kwa hiyo tafuta nembo ya halali ya baraza la Kiislamu la nchi hiyo. Ni rahisi kuliko unavyofikiri. Waislamu wa Thailand ni mamilioni, wengi wao mikoa ya kusini ya Pattani, Yala na Narathiwat, na Bangkok ina misikiti ya zamani na mtaa mzima wa migahawa ya Kiarabu karibu na stesheni ya Nana. Asiyekula nyama kabisa atafute bendera ya njano yenye herufi nyekundu, alama ya chakula cha je, kisicho na kitu chochote cha mnyama, wala hata kitunguu saumu.

Wajanja wa mlangoni

Utapeli maarufu wa Bangkok hutumia dini. Unakaribia Jumba la Kifalme, bwana nadhifu anakusimamisha: leo limefungwa, ni siku ya Budha, watawa wanasali. Lakini una bahati, serikali imetoa siku moja ya kuuza vito bila kodi, na huyu hapa mwenye bajaji atakuzungusha kwa baht 20. Mwisho wa mzunguko ni duka la vito au la suti. Jumba hufunguliwa karibu kila siku kuanzia saa mbili na nusu asubuhi. Tembea hadi langoni ujionee. Inanichekesha kwamba hata watu wa Arusha, wanaokaa si mbali na machimbo ya tanzaniti ya Mirerani, huingia kwenye bajaji hiyo.

Wafanyabiashara wetu wanaofuata nguo Pratunam, soko la nguo la Bangkok, wajue na hili: kupunguziwa bei kunawezekana, hasa ukinunua kwa jumla, lakini ni kwa tabasamu. Wathai husifu jai yen, moyo baridi. Ukipandisha sauti, muuzaji hashushi bei. Anafunga mazungumzo, kwa kuwa umejiaibisha na yeye hataki kuwa sehemu ya aibu hiyo.

Makaratasi

Viza iombwe mtandaoni kabla ya kusafiri. Ubalozi wa Thailand kwa kanda yetu uko Nairobi. Tangu Mei 2025 kila mgeni hujaza kadi ya kidijitali ya kuingia nchini ndani ya siku tatu kabla ya kufika, bure, na tovuti inayokudai pesa si ya serikali. Anayetoka Afrika Mashariki abebe kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, iliyochomwa angalau siku kumi kabla. Ukishuka Suvarnabhumi, uwanja mkuu wa ndege wa Bangkok, usikimbilie foleni ya uhamiaji. Pitia kwanza dawati la afya wakague kadi, la sivyo utarudishwa kutoka mbele ya foleni. Sigara za kielektroniki ziache nyumbani, ni marufuku kuziingiza.

Na wakati wa kutoka, sanamu. Ubao mkubwa barabarani kutoka uwanja wa ndege huwaambia wageni kwamba Budha si pambo, na sheria inakubaliana nao: kutoa sanamu ya Budha nchini kunahitaji kibali cha Idara ya Sanaa, hata kama umeinunua dukani kwa risiti. Hirizi ndogo ya kuvaa shingoni haina tatizo. Ivae, usiitie mfuko wa suruali.